Mpira Unaopinda Kushoto: Jinsi ya Kuusoma na Kuunyoosha

Uko kwenye gofu, unapiga draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza), mpira unatoka vizuri, kedi anayekubebea fimbo anaanza kutembea, halafu katikati ya safari unainamia kushoto kama umeitwa na mtu, unashuka chini na kukimbilia kichakani. Hiyo ndiyo huki. (Tunaandika huki, si huku, maana "mpira umeenda huku" ni sentensi nyingine kabisa.) Maelezo yote hapa ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Ukiwa wa kushoto, geuza kila neno: kulia liwe kushoto, na kushoto liwe kulia.

Lubumbashi inaiadhibu huki kuliko kosa lingine lolote. Mpira wa kupinda kushoto huruka chini na hauna mzunguko mwingi wa kurudi nyuma wa kuufanya usimame. Kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, udongo wetu mwekundu unakauka kama tofali lililotoka tanuruni. Mpira uliopinda kulia hupanda juu, huanguka kwa uchovu na kukaa. Uliopinda kushoto hugusa chini na kuanza safari ya pili, mita 20, wakati mwingine 30, mpaka ugonge mti au kichuguu. Kwa hiyo kosa lile lile ambalo Februari linakuacha kwenye nyasi ndefu tu, mwezi wa Agosti linakupotezea mpira.

Kosa kubwa la anayesumbuliwa na huki si huki yenyewe, ni dawa anayojipa. Anaona mpira unakwenda kushoto, anageuza mwili kuelekea kulia na kusukuma fimbo kulia zaidi. Mpira unapinda zaidi. Anageuka tena. Mwisho wa mchezo amesimama akiangalia uwanja wa jirani, na kedi ameshachoka kumwambia, "Papa, umeelekea kulia tena." Kwa nini dawa hiyo inaongeza ugonjwa? Jibu liko katika kile kinachotokea fimbo inapogusa mpira.

Uso na njia

Wakati wa kugonga, mambo mawili yanaamua mpira uende wapi: uso wa fimbo unatazama wapi, na kichwa cha fimbo kinasafiri kwenda wapi. Mengine yote, miguu, mabega, viganja, ni ya kuandaa hayo mawili.

Uso ndio unaoamua mpira utoke kuelekea wapi. Kwa draiva, mwelekeo wa kutoka ni takriban asilimia 85 uso na 15 njia. Kwa vyuma (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) ni kama asilimia 75 kwa 25. Tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoamua mpira upinde. Uso ukitazama kushoto kuliko njia, mpira unapinda kushoto. Kadiri tofauti inavyokua, ndivyo unavyopinda.

Chukua mfano. Unapiga draiva, njia ya fimbo inakwenda nyuzi 6 kulia kwa shabaha, uso unatazama nyuzi 2 kulia. Mpira utatoka karibu nyuzi 2.6 kulia, halafu utapinda kushoto kwa sababu ya zile nyuzi 4 za tofauti. Hapo uso haukufungwa hata kidogo ukiupima na shabaha, ulikuwa unatazama kulia! Umefungwa ukipimwa na njia. Sasa mtu huyo akijisukuma kulia zaidi, njia ikawa nyuzi 9 na uso ukabaki 2, tofauti inakuwa 7. Ndiyo ile dawa inayoua mgonjwa.

Aliyewahi kutazama mpira wa adhabu wa soka uwanjani Kamalondo anaijua kazi hii. Mchezaji wa mguu wa kulia anayetaka kuzungusha mpira ukuta kwa upande wa kulia huutuma mguu wake kulia na kuugonga kwa upande wa ndani wa kiatu. Mpira unatoka kulia ya ukuta, unarudi kushoto golini. Yeye anafanya makusudi. Wewe unafanya hivyo kila shimo bila kutaka.

Jambo moja linawachanganya wengi: weji (fimbo fupi za karibu na shimo) zinakwenda sawa, chuma 7 kinapinda kidogo, draiva ni balaa. Si kwamba una mapigo matatu tofauti. Uso wa weji umelala sana, nyuzi 54 au 56, kwa hiyo mpira unapata mzunguko mkali wa kurudi nyuma unaofunika ule wa kupinda. Draiva ina nyuzi 9 mpaka 12 tu, hakuna cha kufunika. Kosa lile lile la nyuzi 4 halionekani kwa weji, kwa draiva linaonekana toka barabarani. Ndiyo maana mtu anayesema "tatizo langu ni draiva tu" kwa kawaida anayo huki hata kwenye vyuma, ila haijamgharimu.

Na kimo cha mji? Tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbele kidogo kuliko pwani na unapinda kidogo pungufu. Ukisafiri kwenda kucheza mji wa baharini, huki yako itakuwa mbaya zaidi. Usilaumu fimbo.

Kwanza soma mpira, usiguse kitu

Nenda uwanja wa mazoezi na mipira 20, chuma 7, draiva, kipande cha chaki ya shule na fito mbili za mwanzi, kila moja kama sentimita 120, zilizonyooka. Laza fito moja chini ikielekea shabaha, sentimita 10 hivi mbele ya mpira, upande wa mbali na miguu yako. Nyingine ilaze mbele ya vidole vya miguu, sambamba na ya kwanza. Sugua chaki kwenye uso wa fimbo mpaka uwe mweupe. Piga mipira 10 kwa kila fimbo, kama unavyopiga siku zote, na kila baada ya mpira angalia alama kwenye chaki, kisha paka upya.

Andika mambo mawili kwa kila mpira: ulitokea wapi mita 20 za kwanza, na uligongwa wapi kwenye uso. Ulikoishia unakujua tayari, usijishughulishe nako. Mita 20 za kwanza ndizo zinazosema ukweli, na watu wengi hawazitazami kwa sababu bado wameinamisha kichwa au wameshaanza kukasirika. Mwombe mtu asimame nyuma yako akutazamie.

Mpira ukitoka kulia ya fito kisha ukarudi kushoto, tatizo lako kubwa ni njia: fimbo inatoka ndani sana kwenda nje. Mpira ukitoka kushoto tangu mwanzo na kuzidi kupinda kushoto, tatizo ni uso: umefungwa hata ukiupima na shabaha, na karibu kila mara mshiko unahusika. Huyu wa pili ndiye anayetoa ile mipira ya chini kabisa inayopiga mbizi mita 80 mbele ya tii, mahali pa kuanzia shimo. Mpira ukitoka sawasawa juu ya fito halafu ukapinda, una kidogo cha yote mawili. Anza na mshiko.

Sasa chaki. Uso wa draiva haukunyooka, umetuna kidogo. Mpira ukigongwa kwenye ncha, kichwa kinajipinda kwenye mpini na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kushoto, kama gurudumu moja la meno linavyozungusha jingine upande wa kinyume. Kwa hiyo unaweza kuwa na uso mzuri, njia nzuri, na bado ukapata huki kwa sababu unagonga kwenye ncha, sentimita 2 nje ya katikati. Alama 6 kati ya 10 zikiwa kwenye ncha, usiguse mshiko kwanza. Umesimama mbali mno na mpira, au unainuka unaposhuka na fimbo, au uzito unarudi kwenye visigino. Sogea karibu sentimita 2, weka uzito katikati ya nyayo, piga tena mipira 10. Kuna watu huki yao inaishia hapo hapo. Kwa vyuma athari hii ni ndogo, kwa hiyo usiisingizie.

Mshiko: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Ben Hogan, Mmarekani aliyeshinda US Open mara 4 (1948, 1950, 1951 na 1953), aliteswa na huki miaka mingi kabla ya hapo, na sehemu ya tiba yake ilikuwa kuugeuza mkono wa kushoto juu ya mpini. Kama ilimpasa yeye, sisi tusione aibu kuanza na vidole.

Weka kichwa cha fimbo chini, ukingo wa chini wa uso ukitazama shabaha moja kwa moja. Fanya hivyo kabla ya kushika. Ukishika kwanza kisha ukageuza mikono, unageuza na fimbo, na hakuna kilichobadilika ila umejidanganya. Shikilia mpini kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, chini ya raba ya kushikia, ili usizunguke.

Leta mkono wa kushoto. Raba ipite kwenye vidole, si katikati ya kiganja: kutoka kiungo cha katikati cha kidole cha shahada mpaka kwenye shina la kidole kidogo, halafu ile nyama ya chini ya kiganja ikae juu yake. Funga. Tazama chini bila kuinamisha kichwa upande na hesabu vifundo vya vidole unavyoviona nyuma ya mkono. Ukiona 2, au 2 na kipande, uko sawa. Ukiona 3 na nusu au vyote 4, umeshapata mchawi wako: mkono umegeuka kulia mno, na wakati wa kugonga utarudi wenyewe kwenye hali yake ya kawaida na kuufunga uso. Haihitaji ufanye chochote kibaya. Mkono unarudi tu ulivyozoea kuning'inia.

Mkono wa kulia ndio unaofichwa zaidi. Mwenye huki huuingiza chini ya mpini, kiganja kikitazama juu kama anayepokea chenji sokoni. Kiganja kinatakiwa kitazame shabaha, kama mtu anayetaka kusukuma mlango. Mstari wa kiganja ukae juu ya dole gumba la kushoto na kulifunika. Ile alama ya V kati ya dole gumba na shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee mahali fulani kati ya kidevu na bega la kulia. V ikielekea nje ya bega la kulia, rudi uanze upya.

Geuza kidogo kidogo. Mkono wa kushoto uzungushe kuelekea shabaha nusu ya upana wa dole gumba, karibu sentimita 1, usizidi, kisha ulete mkono wa kulia ulingane nao. Mshiko mpya utakuwa kama umevaa kiatu cha mtu mwingine. Mipira 30 ya kwanza mingi itatoka kulia na kubaki huko. Hiyo ni dalili nzuri! Uso umeacha kufunga, lakini njia bado ni ile ya zamani ya kwenda kulia. Hapa ndipo wengi wanapokimbia kurudi kwenye mshiko wa zamani, wakisema mpya haufai. Vumilia mpaka umalize mipira 100, hata kama ni siku tatu.

Nguvu ya kushika: kati ya 1 na 10, iwe 4. Shika kama unavyoshika mkono wa mtoto mkivuka barabara ya Kasapa: asichomoke, lakini asilie. Anayekaba mpini anakaza vigasha, na kigasha kilichokazwa huachia kwa ghafla karibu na mpira, ndipo viganja vinapopinduka. Msimu wa mvua raba ikilowa au ikijaa jasho unakaba bila kujua. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi laini, kausha kwa kitambaa. Raba iliyong'aa kama ngozi ya kiatu kikuukuu imekufa, badilisha.

Msimamo

Mabega yana kauli kuliko miguu. Mwenye huki anaweza kuwa amepanga vidole vya miguu sawasawa na fito huku mabega yakitazama kulia nyuzi 10. Shika fimbo ukiivusha kifuani toka bega hadi bega, na mtu asimame nyuma atazame inaelekea wapi. Kinachoyafunga mabega mara nyingi ni mpira uliowekwa nyuma sana: ili kuufikia, bega la kulia linarudi nyuma na la kushoto linakuja mbele.

Tena mpira wa nyuma sana una kosa la pili. Kichwa cha fimbo kinasafiri kwa upinde, kinatoka ndani, kinafika kwenye mstari, kinarudi ndani. Mpira ukikaa nyuma, unagongwa wakati fimbo bado iko njiani kwenda nje. Draiva: mpira mkabala na ndani ya kisigino cha kushoto. Chuma 7: upana wa mpira mmoja mbele ya katikati ya miguu. Weji: katikati. Mguu wa kushoto ugeuze nyuzi 20 mpaka 30 kuelekea shabaha, utakusaidia nyonga kuzunguka, na nyonga zisizozunguka ndizo zinazokuja sasa.

Njia: nyonga zinaposimama, mikono inapinduka

Mwenye huki ya kutoka kulia kwa kawaida ni mwanamichezo mzuri. Ana kasi, anajua kuchelewesha fimbo, anashusha mikono kutoka ndani. Tatizo ni kwamba nyonga zake zinateleza kuelekea shabaha badala ya kuzunguka, halafu zinasimama. Mwili ukisimama, mikono haina pa kwenda ila kupinduka, kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, na uso unafunga kama mlango uliosukumwa na upepo. Siku mikono yake inafika kwa wakati anapiga mpira mzuri kuliko wote. Siku imechelewa kidogo, mpira unakwenda kulia na haurudi. Imewahi kidogo, kichakani.

Zoezi la chupa. Tafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ilaze chini, sambamba na mstari wa shabaha, sentimita 40 nyuma ya mpira na sentimita 20 ndani ya mstari wa mpira, yaani upande wa miguu yako. Ilaze, usiisimamishe: ikisimama, mpini utaigonga hata ukipiga vizuri, kwa sababu mpini umeinama kuja kwako. Piga kwa chuma 7, nusu ya nguvu. Fimbo ikitoka ndani kupita kiasi, chupa inaruka. Usijaribu kuikwepa kwa mikono. Fikiria kifua kinazunguka na kutazama shabaha mapema, na mikono inafuata. Mipira 20 bila kugusa chupa, ndipo uchukue draiva. Kwa draiva sogeza chupa sentimita 5 zaidi kuja kwako, kichwa chake ni kipana.

Zoezi la fito. Shika fito ya mwanzi pamoja na raba ya chuma 7, sehemu ndefu ikitokeza juu na kupita ubavuni kwako upande wa kushoto. Bila mpira, shuka polepole na upite mahali pa kugonga. Mwili ukizunguka, fito inakaa mbali na mbavu mpaka mikono imepita paja la kushoto. Viganja vikipinduka, fito inakupiga ubavuni. Inauma kidogo, na hilo ndilo somo. Mara 15 jioni, nyumbani, mbele ya ukuta, na uangalie taa.

Nusu pigo. Chuma 8, mpira kwenye tii fupi (kijiti cha kuuinua). Pandisha mikono mpaka usawa wa kifua, shuka, malizia mikono ikiwa usawa wa kifua upande wa pili. Simama hapo hapo uangalie fimbo: ncha yake itazame juu. Uso ukitazama chini, umepindua. Kifua kiwe kimeshatazama shabaha. Ukiweza kusimama hivyo mara 10 mfululizo, umeshajifunza sehemu kubwa ya kazi. Kati ya mazoezi yote haya, kama una dakika 15 tu kwa siku, fanya hili na uache mengine.

Uso ukiwa juu

Wapo ambao mshiko ni mzuri, njia ni nzuri, lakini uso umefungwa tangu mwanzo wa safari. Weka simu nyuma yako kwenye mstari wa shabaha, mita 3, kwa kimo cha mikono, urekodi. Simamisha video pale mpini unapokuwa sambamba na ardhi wakati wa kupandisha: ncha iwe juu, au iiname kidogo kama mgongo wako ulivyoinama. Uso ukitazama chini kabisa, umeshafunga. Chanzo ni mkono wa kulia kuusukuma mpini juu ya wa kushoto hatua ya kwanza. Anzisha kwa kifua, si kwa viganja. Kisha simamisha video juu kabisa: uso ukitazama mbingu na kifundo cha mkono wa kushoto kimejikunja kwa ndani, ndiyo hali ile ile. Mmarekani Dustin Johnson anacheza na kifundo kilichokunjwa hivyo na anapiga mbali mno, lakini tazama nyonga zake zinavyozunguka. Asiye na mzunguko wake asiige kifundo chake.

Fimbo yenyewe

Fimbo nyingi zinazozunguka mjini zimerithiwa au zimenunuliwa mkono wa pili, zilitengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine. Ziangalie, lakini baada ya mshiko na mpira, si kabla.

Vyuma: mpini ukiwa umesimama mno kwa kimo chako, kisigino cha fimbo kinagusa chini na ncha inabaki hewani, na uso uliolala ukiinuka ncha unatazama kushoto. Chora mstari wima kwa kalamu nene ya wino kwenye mpira, ugeukie fimbo, piga. Alama itabaki kwenye uso. Sehemu ya juu ya mstari ikiinamia upande wa ncha, mpini umesimama mno kwako. Thibitisha kwa jeraha la nyasi, yaani mahali fimbo ilipokwangua: likiwa na kina zaidi upande wa kisigino, ni jibu lile lile. Fundi mwenye mashine ya kukunja anaweza kushusha nyuzi 1 au 2 kwa vyuma laini vya kufuliwa. Usimpe mtu wa kulehemu afanye hivyo kwa makadirio, shingo inavunjika.

Draiva: itazame kutoka juu. Ukingo wa uso ukiwa umerudi nyuma ya mpini, ilitengenezwa kuwasaidia wanaopinda kulia. Kwako ni sumu. Yenye shingo ya kurekebisha kwa ufunguo mdogo, fahamu kwamba kuongeza mwinuko wa uso hufunga uso, na kupunguza huufungua. Nyingi zina pia uzito wa kuhamisha: upeleke kwenye ncha, uso utachelewa kufunga. Mpini laini kupita kasi yako nao huongeza kushoto, lakini huo ni mtuhumiwa wa mwisho, na ndio watu wanaoukamata wa kwanza kwa sababu unanunulika.

Ukiwa katikati ya mchezo

Shimo la 4 na huki imeamka. Hapa si mahali pa kujirekebisha kwa fito: sheria hazikuruhusu kuweka kitu chini kikuelekeze, wala kubadilisha shingo ya draiva mpaka mchezo uishe. Weka draiva kwenye mfuko, chukua mbao 5 (fimbo kama draiva, ila fupi na ya kichwa kidogo), shika sentimita 2 chini ya mwisho wa raba, hesabu vifundo 2, fungua mabega kidogo kushoto na umalize na mikono usawa wa kifua. Utapoteza mita 30 na kuokoa mpira.

Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, kwenye mteremko, utakwenda kushoto hata kwa mtu asiye na huki. Hapo, na hapo tu, elekea kulia kidogo, mwili mzima pamoja na uso, na ushike chini zaidi. Upepo wa kiangazi huku kwetu unatoka kusini-mashariki: ukipiga kuelekea kaskazini-mashariki unakuja kutoka kulia kwako na kuisukuma huki zaidi. Mashimo ya upande huo ndiyo ya mbao 5.

Ukihisi mpira umepotea au umetoka nje ya mipaka, tangaza mpira wa muda, yaani wa pili wa akiba, kabla ya kwenda kutafuta. Una dakika 3 tu za kutafuta tangu sheria za 2019, zamani zilikuwa 5, na kurudi kwenye tii kwa miguu jua la saa saba ni adhabu juu ya adhabu ile ya pigo moja.

Mpangilio wa kazi

Wiki ya kwanza na ya pili: mshiko na mahali pa mpira peke yake, mipira 40 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, hakuna draiva. Wiki ya tatu: nusu pigo na chupa. Wiki ya nne rudisha draiva, lakini kila mipira 5 ya draiva itanguliwe na 5 ya nusu pigo. Usibadilishe mshiko na njia siku moja. Mpira ukinyooka hutajua ni kipi kilichoutibu, na ukirudi kupinda hutajua pa kushika.

Ipo siku mpira utaanza kupinda kulia. Kabla ya kufurahi au kuogopa, pima: ukipinda kulia mita 5 na kushuka taratibu, uache hivyo hivyo, huo ni mpira wa kuchezea kiangazi. Ukizidi mita 15, umegeuza mshiko kupita kiasi. Rudisha mkono wa kushoto nusu ya ulichogeuza, nusu tu, na uhesabu vifundo tena.